Kampeni ya wawili: nashinda kila mara na mwenzangu ameanza kunikwepa, tufanyeje?

Swali limetoka kwa msomaji aliyeko Leicester, Uingereza. Yeye na rafiki yake, waliosoma pamoja Mombasa, wamepata kitabu cha Warhammer 40,000: Rogue Trader cha mwaka 1987, chenye kanuni za mchezo wa vita vya sayari za mbali unaochezwa mezani kwa dadu na visanamu vya askari, na boksi la askari wa enzi hiyo, wengine wa madini ya risasi, wengine wa plastiki. Wakaanza kampeni: pambano moja linazaa jingine, waliokufa hawarudi, na mshindi anajitwalia silaha na mahali. Mapambano yote matatu ameshinda yeye. Jeshi lake limenenepa, la mwenzake limebaki mifupa, na sasa kila wakipanga Jumamosi rafiki anapata dharura. Anauliza kama wasawazishe majeshi na kuanza upya. Anauliza pia wafanyeje maadamu kitabu kinadai mwamuzi na wao ni wawili tu, na mwisho anataka kujua ule unga mweupe ulioota kwenye baadhi ya askari ni kitu gani.

Ndugu yangu, nianze na la kusawazisha, maana ndilo litakaloamua kama mtakutana tena. Msisawazishe, na msianze upya. Ukimwambia mwenzako achukue askari kumi wa bure ili muwe sawa, umemwambia kwamba yale mapambano matatu hayakuwa na maana yoyote, na kwamba akishinda la nne atakuwa ameshinda kwa hisani yako. Hakuna mtu mzima anayepanda basi kuvuka mji akapewe ushindi wa hisani. Kinachotakiwa ni kampeni yenyewe imwelemee mshindi, na aliyeshindwa atoke mezani akiwa bado ana jambo analolitaka. Mko wawili tu. Akiondoka yeye, hakuna mchezo, kwa hiyo kila kanuni mtakayoiweka ipimeni kwa hilo kwanza: je, inamfanya mwenzio atamani kuja wiki ijayo?

Ni vizuri uelewe kilichowapata, kwa sababu si bahati ya dadu. Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alichapisha kitabu kuhusu ndege vitani, na humo akaonyesha kwa hesabu kwamba pande mbili zikipigana kwa silaha za kulenga kutoka mbali, nguvu ya kila upande haifuati idadi ya watu wake bali mraba wa idadi hiyo. Chukua askari wako 20 na wake 15, wa ubora uleule, kwenye uwanja mtupu. Mraba wa 20 ni 400, wa 15 ni 225. Tofauti ni 175, na kipeuo chake cha pili ni kama 13. Maana yake mkipigana mpaka upande mmoja uishe, wewe unabaki na askari 13: umepoteza saba ukaangusha kumi na watano. Sasa mwenzako akija pambano linalofuata na 10, nawe umeshajaza pengo ukawa na 20 tena, hesabu inakuacha na 17. Umepoteza watatu tu. Mezani kuna kuta, vilima na dadu zenye ukaidi wake, hivyo mambo hayaendi sawasawa na karatasi, lakini mwelekeo ni huo. Kampeni inayobeba vifo moja kwa moja kutoka pambano hili hadi lile huwa imeamuliwa mapema sana. Rafiki yako ameliona hilo, hata kama hajalitamka.

Watunzi wa michezo hii nao waliliona. Games Workshop, kampuni ileile ya Warhammer, ilipotoa Necromunda mwaka 1995, mchezo wa magenge yanayogombea vichochoro vya chini kabisa vya mji mkubwa wa sayari moja, iliweka kanuni kwamba genge lenye watu wengi linabakiwa na sehemu ndogo ya pato lake, kwa kuwa midomo ya kulisha ni mingi. Genge dogo linaloshinda kubwa linapata pesa za ziada. Ile kanuni ya midomo mimi naipenda kuliko ya pesa za ziada, kwa sababu inatoka ndani ya ulimwengu wa mchezo. Hakuna anayehisi amependelewa. Ugali ni uleule, walaji wameongezeka.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo, ila kwa umbali badala ya midomo. Mfano mzuri ni vita vya Afrika Kaskazini vya 1940 hadi 1942. Kila jeshi lililosonga mbele lilijikuta mbali na bandari zake, likichoma mafuta kufikisha mafuta, huku lililorudi nyuma likijikuta karibu na ghala lake. Benghazi ilibadilisha mikono mara tano. Hakuna aliyekuwa akiwasawazisha. Jangwa lenyewe lilifanya kazi hiyo. Kwa hiyo wekeni kanuni hii moja: kila hatua ya ramani kutoka uwanja wenu wa kutua hadi mstari wa mbele inakula seksheni moja, yaani kikundi kidogo cha askari, inayobaki nyuma kulinda njia. Boksi la plastiki la Space Marines, wale askari wa angani wenye deraya nzito, la enzi ile lilikuwa na askari 30. Wagawe watano watano, unapata seksheni sita. Ukisogea hatua tatu, seksheni tatu ziko njiani na tatu ndizo zinazofika vitani. Mwenzako aliyesukumwa mpaka mlangoni kwake, hata kama zimemsalia tatu tu, anazitumia zote tatu. Pambano la nne linakuwa sawa, na hakuna aliyempa mwenzake kitu.

Jambo la pili ni waliokufa. Askari aliyeangushwa mezani asihesabiwe maiti mpaka mrushe dadu baada ya pambano, moja kwa kila mtu. Ikija 1 amekufa. 2 au 3 amejeruhiwa, anakosa pambano linalofuata. 4 hadi 6 ameamka, amejipangusa, yuko tayari. Hapo ongezeni kitu ambacho kwangu ndicho moyo wa kampeni nzima: upande unaojiondoa kwa mpangilio kabla ya kupoteza nusu ya watu wake unaongeza moja kwenye kila dadu, na unaong'ang'ania mpaka wa mwisho unapunguza moja. Piga hesabu uone. Aliyejiondoa mapema hana mtu wa kufa kabisa, maana 1 imekuwa 2. Aliyekaza shingo anapoteza kwa 1 na kwa 2. Ghafla kurudi nyuma kunakuwa uamuzi wa kamanda mwenye akili, na mapambano yanakuwa mafupi, yenye mashaka mpaka mwisho, kwa sababu hujui mwenzako atakaa mpaka lini. Wewe unayeshinda utapata mahali. Jeshi lake hutalipata.

Sasa tuje kwenye la mwamuzi. Kitabu cha 1987, alichokiandika Rick Priestley, kiliandikwa kwa watu watatu au zaidi: wawili wanapigana na mmoja anaujua ukweli wote. Angalia pambano la mfano lililomo humo, la shambani, ambapo Space Marines wachache wa Pedro Cantor wanakutana na genge la Ork, majitu ya kijani yapendayo vita, la Thrugg Bullneck. Kila upande unapewa maelezo yake, na mwamuzi ndiye anayeshika yote mawili. Anayekiondoa kiti cha mwamuzi bila kuweka kitu mahali pake anabaki na majeshi mawili yanayokimbiliana katikati ya meza na kufyatuliana risasi, na nina hakika mapambano yenu matatu yalikuwa hivyo. Kazi ya mwamuzi ilikuwa kuwafanya msijue. Hilo ndilo mnalotakiwa kulitafutia mbadala, na mbadala upo, tena wa zamani kuliko kitabu chenyewe.

Donald Featherstone, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Southampton aliyeandika vitabu vingi vya michezo ya vita kuanzia 1962, aliwafundisha wasomaji wake kutumia visanduku vya kiberiti. Nunueni viberiti kumi na viwili, toeni njiti, gundisheni visanduku vitatu kwenda juu na vinne kwenda kando, mpate kabati dogo la droo kumi na mbili. Kila droo ni eneo moja la ramani. Chukueni vifungo vya shati, vyeusi vyako na vyeupe vyake. Kila kifungo ni kundi la seksheni mbili au tatu. Mwanzoni mwa kila zamu kila mmoja anaandika amri zake kwenye karatasi bila kuonyesha. Kisha mmoja anageuka, mwenzake anahamisha vifungo vyake ndani ya droo kama alivyoandika na kuzifunga. Halafu wanabadilishana. Wa pili akifungua droo anayotaka kuingia na kukuta kifungo cha mwenzake, anasema "Tumekutana," na hapo ndipo meza inapopangwa. Droo nyingine haruhusiwi kuzigusa. Anayetangulia abadilike kila zamu. Wekeni pia kifungo kimoja kimoja cha uongo, kisicho na askari nyuma yake. Mtashangaa jinsi kifungo kitupu kinavyoweza kuzuia kombania nzima isisogee.

Kwa mchezo wa bunilizi za kisayansi za zamani hili lina uzito wake wa pekee. Wakati ujao uliowazwa miaka ya 1980 una merikebu za kuruka kati ya nyota, lakini una pia redio zinazokoroma, skrini nene za kioo, waya zinazoning'inia na ramani za karatasi. Hakuna aliye na simu mfukoni inayomwonyesha kila kitu kutoka angani. Kamanda anatuma seksheni bondeni na redio inanyamaza. Kwa hiyo kutojua si hila mnayoiongeza. Kunatoka kwenye ulimwengu huohuo mliouchagua, na mkiuheshimu mchezo wenu utakuwa na ladha yake halisi. Ninawasihi msikubali setilaiti kwenye kampeni yenu. Yeyote atakayetaka kuona droo za mbali apeleke watu wakaone kwa macho.

Visanduku vinaficha majeshi. Kinachobaki ni kuficha yaliyomo kwenye sayari yenyewe. Kabla ya zamu ya kwanza, kila mmoja aandike siri sita kwenye vikaratasi, vikunjwe, vyote kumi na viwili vichanganywe kwenye kopo. Jeshi lolote likiingia eneo kwa mara ya kwanza, karatasi moja inachomolewa na kusomwa kwa sauti. Sharti ni moja: siri isimpendelee mtu, bali imlazimishe anayeikuta kuchagua. "Kuna bunduki tano mpya" ni siri mbovu. "Roboti la kuchimba limezimika hapa, atakayeliwasha litamtii, lakini mlio wake utasikika eneo zima jirani" ni siri nzuri. "Kisima kina maji, na watu wa sayari wamekizunguka na watoto wao" ni nzuri zaidi. Nusu ya siri unazijua kwa sababu uliziandika, ila hujui ziko wapi, na hiyo nusu inatosha kukufanya uingie kila eneo ukiwa umejikaza.

Hawa watu wa sayari ndio nataka kukaa nao kidogo, kwa sababu hapo ndipo rafiki yako atakaporudi.

Kila mara jeshi lako linapokutana na wenyeji na si jeshi lake, wenyeji wachezwe na yeye. Mfano: kifungo chako kimeingia kwenye mgodi. Yeye jeshi lake linajiuguza mbali, huna wa kupigana naye, na kwa kampeni nyingi hapo angekaa akikuangalia ukikusanya mali. Badala yake mpe wachimbaji kumi na wawili wenye bunduki za kizamani na lile roboti. Unapanga majengo mezani, yeye anaandika kwa siri wachimbaji wamejificha wapi na wanataka nini. Seksheni yako ya kwanza inaingia uani. Taa zinawaka, hakuna mtu. Unasogeza wawili hadi mlango wa karakana, yeye yuko kimya anachezea dadu. Unauliza kama unaweza kuita kwa kipaza sauti. Anasema ndiyo, ita. Unaita. Anajibu kwa sauti ya mzee wa mgodi, anataka kujua kwanza nani atalipa mshahara wa miezi iliyopita. Sasa una uamuzi wa kufanya, naye ana usiku mzuri kabisa mbele yake, kwa sababu hana cha kupoteza. Wachimbaji wakifa wote, kampeni yake haijapungua hata askari mmoja. Wakikupiga, umechelewa zamu moja na amecheka. Na andikeni hivi kwenye daftari: wenyeji waliosalia wanakumbuka walivyotendewa. Uliowafyatulia risasi watakuwa upande wake atakapofika, na aliowapuuza yeye watakuwa upande wako. Mtu aliyeshindwa mara tatu akipewa nafasi hii anakuja na mipango tayari kichwani. Nimewaona waliokuwa wamekata tamaa wakipiga simu katikati ya wiki kuuliza mzee wa mgodi bado yu hai.

Kwa makamanda, nendeni kwa Tony Bath. Huyu Mwingereza aliyeanzisha Society of Ancients mwaka 1965 aliendesha kwa miaka mingi kampeni ya falme nyingi zilizojaa wafalme, majemadari na wasaliti, na katika kitabu chake cha 1973 alieleza jinsi alivyotumia karata kuwapa watu hao tabia. Mimi nafanya kwa njia yangu nyepesi: kila kamanda anagawiwa karata mbili. Kopa ni mapenzi kwa askari wake, uru ni tamaa ya mali, shupaza ni ukaidi, pau ni hila. Namba ikiwa ndogo tabia ni ya juujuu, ikiwa kubwa tabia ndiyo inayomwendesha. Kamanda mwenye tisa ya uru atapitia ghala hata kama vita viko kwingine. Mwenye ree ya kopa hawezi kuacha majeruhi uwanjani, kwa hiyo hataondoka mapema hata pale kujiondoa kungemwokoa. Wewe unayeshinda sana unahitaji kamanda wa namna hii kuliko mwenzako, maana sasa unalazimika kucheza kama yeye na si kama wewe.

Mgogoro wa kanuni ukizuka, na utazuka kwa sababu kitabu kile kina mapengo, kila mmoja aseme kwa sentensi moja anavyoona. Msipokubaliana, dadu: 1 hadi 3 maoni yako, 4 hadi 6 yake. Matokeo yaandikwe kwenye daftari na yabaki sheria mpaka kampeni iishe. Daftari hilo alishike yeye. Baada ya kila pambano aliyeshindwa ndiye aandike taarifa yake, mistari michache, kama ujumbe wa redio wa kamanda kwenda makao makuu. Historia ya kampeni yenu iandikwe na mkono wa aliyeumia. Atakuwa na sababu ya kuiendeleza.

Hukuuliza kuhusu kubadilisha kanuni zenyewe, lakini nigusie. Kitabu cha 1987 kinampa kila kiumbe sifa nyingi, kuanzia mwendo na shabaha hadi akili na utulivu, na kwa askari kumi hadi ishirini kila upande kinachezeka vizuri, tena kwa raha. Kupiga shabaha ni kwepesi: Space Marine mwenye shabaha ya 4 anahitaji 3 au zaidi kwenye dadu ya pande sita. Zaidi ya askari ishirini saa zinayeyuka kwenye kuangalia majedwali. Mkitaka vita vya platuni nzima, tafuteni Stargrunt II ya Jon Tuffley, iliyotoka 1996 na ambayo kampuni yake, Ground Zero Games, imeiweka mtandaoni bure. Humo ubora wa askari ni aina ya dadu anayorusha: asiyefunzwa pande nne, mgeni wa vita pande sita, wa kawaida nane, mkongwe kumi, na bora kabisa kumi na mbili. Ari ya seksheni ina ngazi tano, kutoka kujiamini hadi kutimua mbio, na seksheni nyingi huacha kupigana kabla hazijaisha. Kwa kampeni hilo ni neema, kwa sababu wanaokimbia leo wapo kesho. Kitabu chenu kitabaki kuwa chanzo cha ulimwengu, majina na silaha, wala hakitaona wivu.

Majengo msinunue. Enzi ile yenyewe ilikuwa ya makopo: gari mashuhuri la kuelea hewani la miaka hiyo lilitengenezwa kwa chombo kitupu cha deodoranti, vipande vya plastiki vikabandikwa, likapakwa rangi, likapigwa picha, na watoto wa Uingereza wakaenda kupekua mabafu ya nyumbani. Matangi ya mgodi ni makopo ya nyanya yaliyoondolewa karatasi. Mnara wa redio ni mrija na kifuniko cha soda. Meza ya sentimita 120 kwa 120 inatosha kabisa, ila ijazeni. Ukisimama pembeni na ukaweza kuona kutoka ukingo hadi ukingo bila kizuizi, mmerudi kwa Lanchester.

Kuhusu ulipo sasa. Una jeshi kubwa lenye wakongwe na silaha za kuteka, na ukiingia nalo kwenye kanuni hizi bado utakuwa mzito kwa zamu kadhaa. Dawa yake ni ya heshima: kamanda wako amefanya kazi nzuri, makao makuu yamesikia, anapandishwa cheo na kuitwa sayari nyingine. Anaondoka na seksheni zake mbili bora. Mahali pake anakuja ofisa mgeni aliyegawiwa karata zake mbele yenu wote wawili, asiyeijua sayari, mwenye askari wanaomkumbuka yule wa kwanza. Ushindi wako umetambuliwa na umebaki kwenye daftari, na mezani mmekaribiana. Halafu mwambie rafiki yako mapema kampeni inaisha lini. Zamu kumi, kisha merikebu inakuja kuchukua atakayeshikilia uwanja wa kutua. Mtu aliye nyuma huvumilia akijua mwisho uko wapi na kwamba eneo moja tu ndilo litakaloamua. Kilichomkimbiza ni kushindwa kusikokuwa na mwisho.

Usimwandikie maelezo marefu. Mtumie ujumbe mmoja wa redio kutoka kwa ofisa mgeni, ukimwambia kamanda wake kwamba yule wa kwanza ameondoka, kwamba mgodini kuna watu wenye silaha wanaodai mshahara, na kwamba unaomba yeye rafiki yako awacheze Jumamosi. Jeshi lake lipumzike.

Na ule unga mweupe. Askari wa chuma wa miaka ya 1980 wana madini ya risasi, na risasi ikikaa kwenye hewa yenye mvuke wa tindikali, kama ndani ya kabati la mwaloni au karibu na siki, huota unga wa kaboneti ya risasi. Ni sumu. Usiupulize, usiupige msasa, usiusugue ukiwa mkavu. Vaa glavu na barakoa, ulowanishe kwa maji, uusugue polepole kwa mswaki wa zamani ambao hautatumika tena kwa kitu kingine, kausha, kisha paka rangi ya msingi na vanishi ili hewa isifike. Walioliwa mpaka nyuso zimepotea watenge na uwapeleke kwenye kituo cha manispaa kinachopokea taka hatari. Siki usiitumie kamwe kuwasafishia. Waweke wote kwenye masanduku ya plastiki, mbali na watoto, na mnawe mikono kabla ya kugusa sambusa.

Rangi ya zamani inatoka kwa Dettol isiyochanganywa na maji: loweka usiku kucha mahali penye hewa, vaa glavu, sugua kwa mswaki uliochovywa kwenye Dettol hiyohiyo, na maji yaje mwisho kabisa rangi ikiwa imekwisha toka, la sivyo inageuka utomvu unaonata kila mahali. Njia hiyo inafaa chuma na plastiki. Asetoni ni ya wale wa chuma peke yao. Wa plastiki itawayeyusha.